Deni Halikai Eda

Kwa uliyechelewa kuingia, vua viatu ukae hapa mlangoni nikuhadithie kwa ufupi. Wenzako washayajua haya.

Rawiya alikuwa mwalimu wa skuli ya serikali mjini Unguja. Miaka sita nyuma alichukua mkopo benki, shilingi milioni kumi na nane, akasema anajenga. Hakujenga hata choo. Fedha zile zilinunua viza mbili na tiketi mbili, yake na ya mwanawe Hind, wakahamia Maskati. Mumewe Majid, fundi wa vyerehani, alibaki Mkunazini na mama yake mzazi.

Mdhamini wa mkopo alikuwa mwalimu mwenzake, Makungu. Mwalimu akitoroka kazini mshahara husimama, na mshahara ukisimama benki humgeukia aliyetia saini. Benki walipomgeukia, Rawiya alimwambia Makungu avumilie miezi mitatu tu. Kisha akabadilisha namba ya simu.

Katika hadithi ya wiki iliyopita tulimwona akirudi mbio, Majid kafa ghafla. Alifika marehemu keshazikwa. Hesabu yake ilikuwa akae siku saba, apokee mikono ya tanzia, apande ndege. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la mtu aliyesahau kwao. Angebaki Maskati angekaa eda huko huko, wala hakuna ambaye angemtafuta. Lakini alikwishaingia nyumba ya mumewe. Mkwewe, Bi Nunu, alimpokea begi, akalitia kabatini, akafunga kwa ufunguo.

"Miezi minne na siku kumi, mwanangu," alimwambia. "Hapa hapa."

Basi mtu aliyejificha miaka sita sasa alikuwa amekaa chumba kimoja, na mtaa mzima unakijua ni kipi.

Tumfuate siku ya arubaini.

*

Hitma ilikuwa imekwisha. Wanaume walikwishakula wakaondoka, na wanawake walikuwa nyuma uani wanaosha masinia. Rawiya alikaa chumbani, nyuma ya pazia linalotenga chumba na ukumbi, mikono juu ya mapaja.

Hajalia. Tangu afike hajalia hata siku moja, na wanawake walikwishaanza kusemezana. Wengine walisema anajikaza. Hakuwa anajikaza. Alikuwa akijitafuta ndani haoni kitu, hana huzuni wala hana raha. Akipewa chai anakunywa. Akiambiwa alale analala.

Munir, ndugu yake marehemu, akaja akasimama nje ya pazia.

"Shemegi."

"Naam."

"Kuna mtu kaja. Anataka kusema na wewe."

Siku ya maziko Munir alisimama mbele ya watu akasema anayemdai marehemu aje kwake. Leo kwenye hitma akarudia. Mara ya kwanza alikuja muuza nyuzi wa Darajani na vijisenti vyake, akalipwa pale pale. Watu wakasifu kwamba Majid kafa mwepesi.

"Nani?" Rawiya akauliza.

"Mwalimu mstaafu. Makungu."

Rawiya aliangalia dirisha. Lina vyuma. Hakuliangalia ili akimbie, aliliangalia tu, kama mtu anavyoangalia saa hali hana pa kwenda.

"Anamdai marehemu?"

"Ndivyo anavyosema. Lakini anataka kwanza aseme na wewe. Mama karidhia, mradi pazia libakie na sisi tuwepo."

"Mwache aseme."

Akasikia kiti kikivutwa. Akasikia Bi Nunu akikaa kwa kuguna, magoti yake mabovu. Kisha ile sauti aliyoizoea chumba cha walimu, sasa imekuwa ya kizee.

"Assalaam alaykum, Mwalimu Rawiya."

"Wa alaykum salaam, Mwalimu."

"Pole na msiba."

"Nshapoa."

Akangoja. Alijua linalokuja. Miaka sita amelijua.

"Sikuja kukudai," Makungu akasema. "Nimekuja kukuomba radhi."

Msikilizaji, na wewe hukulitarajia. Rawiya ndiyo kabisa.

"Radhi ya nini?"

"Tulia nikueleze. Benki walipoanza kunikata, nilikuja hapa hapa. Nilimkuta Majid kafungua cherehani, vyuma vyote juu ya gazeti. Nikamwambia, mkeo kanitia shimoni. Unajua alinijibu nini?"

"Sijui."

"Alinambia, 'Mke wangu hana kosa. Yeye analeta fedha kila mwezi. Mimi ndo nnayezila. Nisitiri, ntakulipa.'"

Ukumbini Bi Nunu akavuta pumzi kwa nguvu.

"Nikamsitiri," Makungu akaendelea. "Sikumwambia mtu. Akipata kazi hunipa elfu ishirini, elfu thelathini, na mimi huku nakatwa kila mwezi. Mwaka huu nimestaafu. Siku ya kiinua mgongo, benki wakamega kilichobaki chote kwa mpigo. Nyumba yangu ya Fuoni haina paa mpaka leo, Mwalimu. Nikapandwa na hasira. Nikaenda kwa shekhe, nikamsomesha Halbadiri."

Hapo hata masinia uani yalinyamaza.

Halbadiri kila mtu Unguja anaijua. Aliyedhulumiwa hukusanya wasomaji, yakasomwa majina ya watu wa Badri, na aliyekula haki ya mwenzake humpata la kumpata. Wapo mashekhe wanaosema hilo si jambo la dini. Na wao pia hawapendi kusomewa.

"Wiki ya tatu," Makungu akasema, "Majid kaanguka. Kala haki yangu, kweli, lakini sikutaka afe. Mimi ndo niliyemuua mumeo, Mwalimu. Nisamehe."

Mzee wa watu alikuwa analia. Rawiya akamsikia akipenga kamasi.

"Nimesikia," akajibu.

Hilo tu.

*

Sasa nikwambie alichokijua Rawiya na wengine hawakukijua.

Hakumletea Majid hata senti moja ya benki. Alilipa mwenyewe miezi mitatu ya mwanzo, kwa simu, kutoka Maskati. Kisha akaacha.

Na Majid, kila Ijumaa baada ya sala, alikuwa akipiga simu. Akiuliza afya, akiuliza skuli ya Hind, halafu mwisho anauliza, "Benki unalipa?"

"Nalipa."

"Alhamdulillahi."

Ikawa hivyo karibu mwaka mzima. Halafu Ijumaa moja hakuuliza, wala hakuuliza tena mpaka kufa. Rawiya alifurahi, akajua kaaminiwa. Leo ndipo alipofahamu kwamba mume aliacha kuuliza kwa sababu alikwishajua, na hakutaka kumtia mkewe kwenye uongo mara nyengine.

Mwengine angejitupa chini. Rawiya alikaa, mikono juu ya mapaja.

Makungu alipoondoka, Bi Nunu hakuchelewa.

"Kimebaki kiasi gani, Munir?"

"Milioni kumi na moja, mama. Kanionesha karatasi zote."

"Mpigie yule anayekitaka kiwanja changu cha Chwaka."

"Mama, kile ulisema hukiuzi. Ndicho ulichoachiwa na mama yako."

"Mama yangu hana mtoto kaburini mwenye deni. Mimi ninaye. Mwambie aje kesho saa nne, na fedha mkononi. Na huyo mwalimu aje apokee hapa, nione kwa macho yangu."

Kisha akaingia chumbani na sahani ya pilau. Akakaa kitandani karibu na mkwewe, akampangusa uso kwa ncha ya kanga japo uso ulikuwa mkavu.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Mimi na wewe tumedhulumiwa na mtu mmoja, na ndo huyo huyo tulompenda."

Rawiya akala. Akaimaliza sahani.

*

Asubuhi saa tatu na nusu Hind akapiga simu kutoka Maskati. Ana miaka kumi na tisa sasa, yuko chuo. Rawiya akamweleza yote kwa sauti ya kusoma mahudhurio darasani.

"Kwa hiyo wao wanajua ni baba aliyezila?" Hind akauliza.

"Wanadhani ni baba."

"Basi mama, nyamaza."

"Bibi yako anauza kiwanja."

"Kiwanja ni chake, anauza kwa hiari yake. Baba keshakufa, mama. Hilo haliwezi kumdhuru. Wewe ukisema watakuzuia huko. Na mimi ukaazi wangu uko kwenye jina lako. Ntakaa na nani hapa?"

Rawiya akageuza uso kwenye pazia.

"Mama?"

"Wanakuja. Nasikia kiti."

"Usikate simu. Nataka nisikie. Naapa ukikata napanda ndege nakuja."

Rawiya akaifunika simu kwa kanga, juu ya paja, bila ya kuikata. Hakufanya hivyo kwa kumtii mtoto. Ilikuwa rahisi zaidi kuliko kubishana.

Ukumbini walikuwa watatu. Munir na hati ya kiwanja. Makungu, kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Bi Nunu katikati. Mnunuzi alikuwa njiani, kesha kupiga simu kuwa yuko Darajani anatafuta pa kuegesha gari.

"Kabla hajafika huyo," Bi Nunu akasema, "mimi nina ombi moja, Mwalimu. Fedha zako utazipata leo. Lakini nataka unisamehee mwanangu, kwa mdomo wako, na sisi tusikie."

"Hilo langu, Bi Nunu. Nilikuwa nataka kulisema mwenyewe."

Makungu akakohoa, akaiweka sauti sawa.

"Mimi Makungu, nimemsamehe Majid, duniani na akhera, kwa kila alichoniibia..."

"Hakuiba."

Wote wakageuka kwenye pazia. Rawiya mwenyewe alishangaa kuisikia sauti yake. Hakuwa amepanga kusema. Lile neno lilimwendea vibaya, kuibia, likafungamanishwa na jina la Majid, mtu ambaye akiokota kifungo cha mteja hukirejesha.

"Umesemaje, shemegi?" Munir akauliza.

"Hakuiba. Mimi sikumletea Majid fedha ya benki hata mara moja. Hakuwa na cha kula."

"Msiba umekuchanganya."

"Sijachanganyikiwa. Nililipa miezi mitatu nikaacha. Na wala sikushindwa, msije mkanitafutia udhuru. Nilikuwa nazo. Mwezi wa nne sikulipa, halikunifika jambo. Wa tano vile vile. Halafu ikawa ndo kawaida. Majid kasema uongo ili mimi nisitajwe kwa ubaya."

Mambo haya aliyasema bila ya kupandisha wala kushusha. Nikikwambia alitubu kwa machozi ntakuwa nakudanganya. Aliyasema kwa sababu yalikuwa kweli na hakuna mwengine aliye hai wa kuyasema.

 Bi Nunu ndiye aliyetangulia kuuliza.

"Mwanangu alikuwa anajua kuwa hulipi?"

"Alijua."

"Na wewe ulijua kuwa anajua?"

"Jana ndo nimejua, mama."

"Usiniite mama."

Munir akainuka. "Basi mauzo hayapo tena. Nampigia yule arudi."

"Kaa chini," Bi Nunu akasema. "Kiwanja kinauzwa."

Rawiya akasogea mpaka karibu na pazia. "Nnazo fedha Maskati. Ntalipa mimi. Zote."

"Hutolipa. Mwanangu kakiri deni kwa ulimi wake, mbele ya mtu. Kalichukua, limekuwa lake, na mimi ntalilipa kwa jina lake. Wewe hukumsaidia yu hai, hutomsaidia yumo kaburini." Bi Nunu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Zimekubakia kama siku tisini za eda. Ntakulisha, ntakuchotea maji, haki yako hutoikosa katika nyumba hii. Zikisha, uende zako. Na usiniage."

Rawiya akangoja uchungu uje. Haukuja. Akajua tu kwamba jambo kubwa limekatika, kwa sababu chumba kilionekana kikubwa kuliko dakika iliyopita.

Lakini Makungu alikuwa hasikilizi habari za kiwanja. Alikuwa kashika kichwa kwa mikono miwili.

"Basi haikumpata Majid," akasema.

"Nini?" Munir akauliza.

"Halbadiri. Shekhe alinitaka jina la mtu. Nikashindwa kulitaja jina la Majid, maana alikuwa mwema kwangu, hata nikimdai. Nikamwambia isomwe kwa aliyekula haki yangu, yeye Mungu anamjua. Sasa kama Majid hakula..."

"Basi kafa kwa siku yake," Munir akasema, na sauti yake ikalegea. Kwake ilikuwa nafuu.

"Kafa kwa siku yake. Na iliyosomwa bado haijafika inakokwenda."

Hakuna aliyetaka kuliangalia pazia, na wote wakaliangalia.

"Iache inifike," Rawiya akasema. "Mimi sina neno."

Alisema kweli. Kama angeambiwa unakufa leo alasiri, angeuliza tu alale upande gani.

"Si wewe peke yako, Mwalimu." Makungu alisogea na kiti chake. "Shekhe aliniuliza mara ya pili. Akanambia, isomwe kwa aliyekula peke yake, au na aliokula nao? Mimi nilikuwa na hasira, kiinua mgongo changu kimeondoka mchana ule ule. Nikasema, na aliokula nao."

Hapo, baada ya siku arubaini na moja, kitu kikamgonga Rawiya kifuani.  Aliogopa, aliogopa hasa.

Kwa sababu ule mwezi wa nne haukujiacha wenyewe. Hind ndiye aliyemjia jikoni, mtoto wa miaka kumi na tatu, na karatasi ya safari ya skuli mkononi. "Mama, hao benki wako mbali, watatufanya nini? Mwezi huu tusiwape." Na mwezi wa tano ni yeye aliyesema tena, akataja kompyuta. Mwezi wa sita hakukuwa na haja ya mtu kusema.

"Inaondoshwa?" Rawiya akauliza, na sasa sauti haikuwa ya kusoma mahudhurio.

"Inaondoshwa. Mimi ndo niliyeisomesha, mimi ndo wa kuiondoa. Nakwenda leo hii kabla ya adhuhuri, nitawasamehe mbele ya wale wale waliosoma. Lakini mara hii lazima nitaje majina, mmoja mmoja. Lako ninalo. Mwengine nani?"

"Hakuna mwengine."

"Mwalimu, usinifiche. Sitaki fedha kwao. Sitaki hata kuwaona. Nikenda na jina moja ntamtoa mmoja, na aliyebaki atabaki nayo."

"Hakuna, Mwalimu."

"Jana usiku sikulala kwa ajili ya Majid, na Majid kumbe hakuwa na kosa. Usinitie kwenye roho nyengine."

"Mtajie!" Bi Nunu akapaza sauti kwa mara ya kwanza. "Hata awe ndugu yako, hata awe nani. Mtu mwengine asife kwa fedha hizi. Mtajie, Rawiya, usimwache mtoto wa watu akaangamia kwa kiburi chako!"

Nje Munir akaitwa. Mnunuzi kafika. Hakuna aliyeinuka.

Rawiya akafungua mdomo. Kulitaja jina ni kumwokoa mtoto, na ni kumwambia Bi Nunu kwamba mjukuu wake wa pekee, anayempigia simu kila Ijumaa kuomba dua, alijua tangu mwanzo kuwa benki hailipwi, na leo asubuhi akataka baba yake aachiwe lawama. Akatafuta pa kuanzia.

"Ni..."

"Mama, usinitaje!"

Sauti ilitoka chini ya kanga, kali, ya mtoto anayelia. Rawiya akaidaka simu kwa mikono miwili na kuibana kifuani, lakini ilikuwa imeshatoka.

Akasikia kiti cha Bi Nunu kikianguka. Akasikia miguu yake mibovu ikija, haraka kuliko ilivyopata kutembea mwaka huu. Bibi akalipita pazia, akasimama mbele ya mkwewe, akanyoosha mkono, akaichukua ile simu.

"Hind," akasema. "Bibi hapa. Na wewe ulikula, mjukuu wangu?"